Oksijeni ya mgonjwa si mzigo wa kuchanganya na mawese

Na Mwandishi Wetu

KATI ya bidhaa zote zinazovuka mpaka pale Kobero na Kabanga, au kule Mugina na Manyovu, ipo moja ambayo mwenye nayo huihesabu kwa dakika. Mchele ukikwama siku mbili kwenye foleni ya malori, mwenye mali atapata hasara. Oksijeni ikikwama saa mbili, huenda mwenye mali asimkute mgonjwa wake.

Zamani habari za mitungi ya oksijeni zilikuwa za waganga wakuu na mafundi wa hospitali. Korona ilipoingia mwaka 2020 ndipo watu wa kawaida walipoanza kuitafuta wenyewe. Korona ilipopungua, haja haikuisha, kwa sababu wagonjwa walikuwapo kabla yake na bado wapo: mtoto mwenye nimonia, kichanga aliyezaliwa kabla ya siku zake, mwenye malaria kali, mama aliyepata kifafa cha mimba, mzee ambaye mapafu yake yamechakazwa na sigara au moshi wa kuni. Tume iliyoundwa na jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya Februari 2025, ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawana uhakika wa kupata oksijeni salama kwa bei wanayoimudu.

Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Tanzania, jambo hili lina uzito wake. Kambini mgonjwa alipohitaji oksijeni, mtungi ulikuwa shauri la wale walioendesha hospitali. Nyumbani, iwe Makamba, Rumonge au Ruyigi, familia inaweza kujikuta yenyewe ndiyo inayotafuta mtungi, gari la kuubeba na kona ya nyumba ya kuuweka. Na kwa mfanyabiashara wa mpakani, hii ni bidhaa ambayo mteja wake haulizi sana bei. Hapo ndipo pana kishawishi, na hapo ndipo pana hatari.

DAWA YENYE KIPIMO

Hewa tunayovuta sote ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ile ya hospitali ina zaidi ya asilimia 90. Ipo inayotengenezwa kwa kuipoza hewa hadi igeuke maji, kisha oksijeni ikatengwa. Hiyo hufika asilimia 99 na zaidi. Ipo pia inayochujwa na mitambo iliyofungwa hospitalini kwenyewe, ambayo hutoa kama asilimia 93. Zote mbili zinafaa kwa mgonjwa, hivyo mchuuzi asikudanganye kwamba moja ni feki.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka oksijeni katika orodha yake ya dawa muhimu, na mwaka 2017 lilieleza waziwazi kuwa ni dawa ya mtu aliyepungukiwa oksijeni mwilini, si kitu cha chumba cha upasuaji tu. Dawa ina kipimo. Mganga hubana kifaa kidogo kwenye kidole cha mgonjwa, na kwa kawaida kikisoma chini ya asilimia 90 ndipo oksijeni inaanza. Kumwongezea mgonjwa kwa huruma, ili apone haraka, si wema. Kichanga njiti anayepewa oksijeni nyingi kupita kiasi anaweza kuharibika macho hadi kuwa kipofu. Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anaweza kuzidiwa badala ya kupata nafuu, ndiyo maana madaktari humlenga asilimia 88 hadi 92 tu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuwa nacho mkononi ni barua ya daktari, wala si mtungi. Barua hiyo iandikwe lita ngapi kwa dakika, na iandikwe kwa tarakimu. Mgonjwa aliyeruhusiwa upande wa Kigoma hutoka na karatasi ya Kiingereza. Muuguzi wa upande wa pili anasoma Kifaransa. Tarakimu inasomeka kotekote.

HESABU KABLA YA SAFARI

Watu wengi huuliza mtungi una kilo ngapi, kama wanavyouliza gesi ya kupikia. Swali hilo halifai hapa. Gesi ya kupikia imo mtungini ikiwa maji, ukiutikisa unaisikia. Oksijeni ya mtungini ni hewa iliyoshindiliwa, haichezi wala haina mlio, na mtungi mkubwa wenye uzito wa zaidi ya kilo 60 hubeba oksijeni ya kilo 9 hivi tu. Kuunyanyua hakutakuambia kama umejaa. Kinachosema ni geji, na geji hii haina fumbo: ikishuka hadi nusu ya pale ilipokuwa mtungi ulipojaa, imebaki nusu.

Cha kuuliza ni lita. Mtungi mkubwa wa wodini, ule unaomfikia mtu mzima kifuani, hubeba lita 6,800 hivi ukijaa. Mdogo wa kubebwa kwa mkono, unaotumika kwenye gari la wagonjwa, hubeba kama 680. Kama lebo haisemi, chukua ujazo wa maji uliogongwa kwenye bega la mtungi, zidisha kwa presha inayosomwa kwenye geji katika kipimo cha baa. Mtungi wa lita 10 wenye baa 150 unakupa lita 1,500.

Halafu gawanya kwa kipimo cha daktari. Mgonjwa wa lita 2 kwa dakika atautumia mtungi mdogo wa lita 680 kwa dakika 340, yaani saa 5 na dakika 40. Mgonjwa wa lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa saa 2 na dakika 16. Kutoka Kobero hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 200 za milima na kona, bado hujapata pancha, bado hujasimamishwa kizuizini. Mwenye mgonjwa wa lita 5 akianza safari hiyo na mtungi mmoja mdogo, atamaliza oksijeni kabla hajafika. Mwenye busara huchukua mara mbili ya kile hesabu inachosema.

UKIFIKA KWA MUUZAJI

Rangi ya mtungi si hoja. Kanuni ya kimataifa inataka oksijeni ya hospitali iwe kwenye mtungi mweupe. Marekani hutumia kijani. Uingereza kwa miaka mingi ilitumia mtungi mweusi wenye mabega meupe, na mitungi ya namna hiyo ingali mingi Afrika Mashariki. Tena rangi ni ya dukani, yeyote anaweza kupaka. Mwaka 2021, korona ilipoikaba India, polisi wa Delhi waliwakamata watu waliokuwa wakipaka rangi vizima moto na kuviuza kama mitungi ya oksijeni.

Soma lebo. Iwe na neno la oksijeni ya tiba, jina la kiwanda au hospitali iliyojaza, namba ya shehena na tarehe ya kujazwa. Kwenye mitungi inayotoka upande wa Kifaransa utaona maneno oxygène médical. Koki iwe imefungwa kwa lakiri ambayo haijakatwa. Kwenye bega, chuma chenyewe kimegongwa namba ya mtungi na tarehe ya mara ya mwisho kupimwa kwa presha; mitungi ya chuma hurudiwa kupimwa kila baada ya miaka kadhaa, mara nyingi 5 au 10. Mtungi ambao tarehe yake haisomeki, au wenye kutu iliyokula, bonde la kugongwa au dalili ya kuungua, uache hapo hapo hata ukipewa kwa nusu bei.

Linakuja suala la mafundi wa kuchomelea vyuma, maana wao ndio walio karibu na kila soko la mpakani. Ni kweli kwamba oksijeni yao mara nyingi inatoka kiwanda kile kile. Tofauti iko kwenye mtungi na safari yake. Wa hospitali husafishwa, huondolewa hewa iliyobaki na kupimwa kabla haujatoka. Wa fundi umelala kwenye grisi, na kama mpira wake haukuwa na kizuizi, gesi ya kuchomelea inaweza kurudi ndani. Kibaya zaidi, kwenye karakana mitungi ya oksijeni hukaa pamoja na ya agoni au naitrojeni, nayo inafanana. Mtu akivutishwa naitrojeni tupu hasikii kukosa pumzi, anazimia, anakufa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, muuzaji anayehamisha mtungi kutoka karakana kwenda kitandani anastahili kuogopwa kuliko muuza vidonge bandia.

Kuna pia vile vikopo vya alumini vinavyouzwa kama oksijeni ya wanamichezo. Vingi vina lita 5 hadi 10. Kwa mgonjwa wa lita 2 kwa dakika, kikopo kikubwa kitaisha kabla maji ya chai hayajachemka.

KOKI ZA KIINGEREZA NA KOKI ZA KIFARANSA

Hili halisemwi sana, lakini wavuka mpaka ndio linawauma. Mitungi ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa kiasi kikubwa ilifuata mtindo wa Kiingereza. Burundi na Kongo, vifaa vingi vya hospitali vilitoka Ufaransa na Ubelgiji. Koki zake hazilingani. Regyuleta uliyoinunua Kigoma inaweza isiingie kwenye mtungi uliojazwa Bujumbura, na mtungi uliokodi Bujumbura unaweza usipate wa kuujaza ng'ambo.

Hapo ndipo fundi wa mtaani hutoa wazo la kuchonga kiungo, au kuzungusha utepe wa bomba la maji na kukaza kwa nguvu. Usikubali. Tofauti za nyuzi na tundu kwenye koki za gesi ziliwekwa makusudi ili gesi moja isiingie mahali pa nyingine. Nunua mtungi, regyuleta na kipima mtiririko vikiwa pamoja, vifunguliwe na kujaribiwa mbele yako, na uvisafirishe pamoja.

NJIANI

Oksijeni yenyewe haiwaki moto. Watu wakishasikia hivyo hupumua, wakadhani hatari imekwisha. Kazi yake ni kukifanya kitu kingine kiwake: cheche inayozimika yenyewe kwenye hewa ya kawaida hugeuka moto, na nguo iliyonyonya oksijeni huungua kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Usiku wa Aprili 24, 2021, moto uliohusishwa na kulipuka kwa mitungi ya oksijeni uliunguza hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, nchini Iraki, ambako walikuwa wamelazwa wagonjwa wa korona. Watu zaidi ya 80 walikufa, wakiwamo jamaa waliokuwa wakiwauguza.

Adui mkubwa wa oksijeni ya presha ni mafuta na grisi. Mafuta yakikutana nayo kwenye koki yanaweza kuwaka bila kiberiti. Sasa tazama mizigo ya mpaka wetu: bidoni za mawese kutoka Rumonge, mafuta ya alizeti, dagaa waliokaangwa, na katika miaka ya 2022 hadi 2024 uhaba wa petroli ulipoikaba Burundi, madumu ya petroli yaliyojazwa ng'ambo na kufungwa nyuma ya kila baiskeli. Turubai lile lile lililolowa mawese asubuhi ndilo linalofunika mtungi jioni. Kuli aliyeshusha mapipa anafuta mikono kwenye suruali, anashika koki.

Mwenye mtungi anapaswa kukataa gari la namna hiyo, hata kama dereva ni shemeji yake. Mtungi upande gari lenye upepo, lisilo na petroli, mawese, mkaa wala viberiti. Usimame wima, ufungwe kwa mnyororo au kamba imara mahali pawili, koki ifungwe kabisa, regyuleta itolewe na kofia ya chuma irudishwe juu ya koki. Kofia si pambo. Koki ndiyo sehemu dhaifu ya mtungi. Ikivunjika kwa kuanguka, presha yote hutokea kwenye tundu dogo, na kile chuma kizito kinaruka kama kombora na kutoboa ukuta.

Mtungi mdogo ukilazimika kusafiri ndani ya gari pamoja na mgonjwa anayeutumia, ufungwe usiviringike, vioo vishushwe kidogo, na asivute sigara mtu yeyote, dereva akiwamo. Buti iliyofungwa na jua la saa saba si mahali pake. Basi la abiria vilevile. Baiskeli na pikipiki zinaonekana kuubeba, maana tumeziona zikibeba hata magodoro na milango, lakini mtungi usiofungika wima kwenye kiti cha nyuma, kwenye mteremko wa Mugina, ni roho za watu wawili na za waliopo barabarani.

Mchukuzi asisahau kibandiko. Oksijeni iliyoshindiliwa ina namba ya kimataifa UN 1072, na alama zake ni pembe nne ya kijani ya gesi na ya njano yenye moto juu ya duara. Ajali ikitokea, kibandiko ndicho kitakachowaambia zimamoto wanachokutana nacho.

NYUMBANI

Chumba kiwe na dirisha linalofunguka. Mtungi usimamishwe kwenye kona, ufungwe ukutani kwa mnyororo, mbali na mlango ambao watoto hupita wakikimbia. Jiko la mkaa, mshumaa, koroboi na jiko la gesi vikae mbali, mita 3 kwa uchache. Nyumba yenye chumba kimoja, kupika kuhamie nje. Jua lisiupige, joto lake lisifike nyuzi 50.

Koki hufunguliwa polepole, kwa mkono mkavu uliooshwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri. Ikigoma, usiipake mafuta ya baiskeli. Ikivuja utasikia mlio. Usitafute tundu kwa kiberiti. Ifunge, fungua madirisha, mwite aliyekuuzia.

Mama zetu wana desturi ya kumpaka mgonjwa mafuta midomo ikikauka. Mafuta ya mgando, ya nazi na ya mise yote yaepukwe usoni na kwenye nywele wakati mpira wa oksijeni uko puani. Kitambaa chenye maji kinatosha, au dawa ya kulainisha isiyo na mafuta kutoka duka la dawa. Kile kichupa cha maji kinachotoa mapovu kijazwe maji yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila siku na kichupa kioshwe, kwani maji yaliyolala humo huzaa vijidudu vinavyokwenda moja kwa moja kifuani. Na anayemhudumia mgonjwa asitoke chumbani akaenda kuinamia jiko papo hapo. Oksijeni hukaa kwenye kitenge na blanketi. Apunge hewa nje robo saa au zaidi.

MASHINE ZA DUBAI

Ile mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani haihitaji kujazwa, na kwa mgonjwa wa muda mrefu ni nafuu kubwa. Lakini inakula umeme. Ya lita 5 kwa dakika hutumia wati 350 hivi, yaani yuniti 8 na zaidi kwa siku nzima. Umeme ukikatika, oksijeni imekatika saa hiyo hiyo, kwa hiyo mtungi wa akiba lazima uwepo. Paneli moja ya sola ya kuchajia simu haitaiwasha.

Wanaoziagiza waangalie nyuma ya mashine. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 115. Umeme wetu ni wa volti 220 hadi 240, nao utaiunguza siku ya kwanza. Isafirishwe ikiwa imesimama. Chujio lake la nje lioshwe kila wiki, hasa kiangazi vumbi jekundu linapotanda, na mashine isisukumwe ukutani ikakosa hewa. Mara kwa mara ipelekwe kwa fundi wa hospitali apime kama bado inatoa zaidi ya asilimia 82. Mashine iliyochoka huendelea kunguruma na kupuliza vizuri tu, ila inachopuliza ni hewa ya kawaida.

FORODHANI

Kwa kuwa ni dawa, oksijeni ya kuuza haihusu ofisi ya mapato peke yake. Tanzania kuna TMDA, Burundi ABREMA, Rwanda Rwanda FDA, Uganda NDA, Kongo ACOREP. Mfanyabiashara aulize kibali kabla ya kupakia, si baada ya kukamatwa. Wakala wa forodha aambiwe ukweli: gesi ni bidhaa moja, na chuma chenyewe ni kingine. Mitungi inayovuka ikiwa mitupu kwenda kujazwa na kurudi iandikwe namba zake, mmoja mmoja, kwenye karatasi inayogongwa muhuri siku ya kutoka. Usipofanya hivyo, siku ya kurudi utaonekana umeingiza vyuma vipya, na ushuru wake utaulipa wakati mgonjwa wako anahesabiwa dakika.

Familia inayovuka na mgonjwa na mtungi wake ibebe barua ya daktari juu ya karatasi zote, ya asili na nakala, pamoja na risiti. Mwanafamilia mmoja atangulie dirishani huku mgonjwa akibaki garini.

Na mtungi usikamuliwe hadi tone la mwisho. Acha presha kidogo ndani, funga koki, urudishe kofia, andika "mtupu" kwa chaki na uutenge na iliyojaa. Mtungi uliofika kiwandani koki ikiwa wazi umeshaingiwa na unyevu na uchafu. Mjazaji ana haki ya kuukataa hadi usafishwe na kupimwa upya, na lori litarudi bila huo.